Sindano ya mgongo ya siatika: dawa haikai mgongoni

Mtu akisikia umechomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya siatika swali lake la kwanza huwa ni hilohilo, inauma? Nimeulizwa na majirani, na wifi zangu, na wateja wanaoleta vitambaa, na jibu ni kwamba inauma kidogo, dakika chache, halafu basi. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na hospitalini nako mara nyingi hakuna anayekujibu kama hujauliza mwenyewe, ni kwamba dawa ikishaingia inaenda wapi na inafanya nini huko inakoenda. Watu tunajua tu imechomwa mgongoni basi itakaa mgongoni. Haikai. Dawa yenyewe ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na inanyonywa taratibu inaingia kwenye damu, na damu inafika kila kona, kwenye sukari, kwenye presha, usingizi, hedhi, mifupa, mpaka kwenye zile tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Nataka niandike hili kwa urefu kwa sababu mimi limenipitia kwa afadhali ila mama yangu lilimkuta vibaya, na wote wawili tulisaini fomu ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza kitupu bila mtu kutukalisha chini akatueleza.

Kwa ambaye hajawahi kuugua, siatika ni hivi. Kuna mshipa wa fahamu ambao ndo mnene na mrefu kuliko yote mwilini, mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini kabisa za mgongo, inaungana, inapita ndani ya kalio, inashuka nyuma ya paja na matawi yake yanafika mpaka unyayoni. Mzizi mmoja ukibanwa au ukivimba, mara nyingi kwa sababu diski iliyo kati ya pingili imechomoza, ugonjwa unakuwa mgongoni ila maumivu unayasikia mguuni. Kwangu ilikuwa chini kabisa, pale wanapoandika L5-S1 kwenye karatasi ya MRI. Mimi ni fundi cherehani, nashona Sinza, na nikikaa kwenye mashine hata nusu saa shoti ilikuwa inatoka kalioni inashuka mpaka kidole kidogo cha mguu, mguu huohuo ninaokanyagia pedeli, nikipiga chafya nashika meza. Usiku nilikuwa nalala na mto katikati ya magoti na bado naamka nalia. Kwahiyo simlaumu mtu yeyote anayekubali sindano haraka, ukiwa kwenye yale maumivu ukiletewa karatasi unasaini.

Ila kabla sijafika kwenye madhara lazima nitenganishe vitu, maana huku mtaani "sindano ya mgongo" ni jina moja la vitu vitatu tofauti kabisa.

Kuna ile ya zahanati au duka la dawa. Unaenda unasema mgongo unaniua, mguu unawaka moto, unachanganyiwa diklofenaki na deksa na ile vitamini B nyekundu, unachomwa kalioni, kesho yake unatembea freshi unamsifia dokta kwa kila mtu, baada ya siku kadhaa maumivu yanarudi na wewe unarudi. Hiyo deksa ni deksamethasoni, nayo ni steroidi, tena ya nguvu haswa. Miligramu 8 za deksa, yaani vile vichupa viwili vidogo, kwa nguvu ni sawa na miligramu 50 na kitu za prednisolone, ile steroidi ya vidonge. Haiendi kwenye mzizi wa neva kwa kulengwa, inaenda mwili mzima moja kwa moja, na watu wanachomwa hivyo kila mwezi bila daftari, bila kupimwa sukari, bila chochote. Halafu kuna hatari nyingine ambayo haina uhusiano na steroidi, ni sehemu yenyewe ya kuchoma. Neva ya siatika inapita palepale kalioni, ndo maana wauguzi wanafundishwa kuchoma upande wa juu wa nje, na mchomaji akikosea sindano ikaingia kwenye neva mtu anaweza kuondoka na unyayo unaoburuza. Uganda madaktari wa mifupa wameandika kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa kwinini kalioni. Yani umeenda kutibiwa siatika na neva hiyohiyo ndo inatobolewa.

Ya pili ni sindano ya kwenye msuli unaouma, hiyo siisemi sana. Ya tatu ndo yenyewe, epidurali ya steroidi, inayowekwa kwenye nafasi iliyo nje kidogo ya ule utando unaofunika mishipa ya uti wa mgongo, karibu kabisa na mzizi uliobanwa. Hii sio ya juzi, Waitaliano wawili, Robecchi na Capra, waliandika kuhusu kuweka haidrokotisoni, nayo ni steroidi, kwa namna hiyo mwaka 1952, miaka miwili tu baada ya waliogundua matumizi ya kotisoni kupewa Tuzo ya Nobel. Inaweza kupitia juu kati ya pingili, au pembeni kwenye tundu ambalo mzizi unatokea, au chini kabisa karibu na kifandugu.

Mimi nilichomwa kupitia pembeni. Unalala kifudifudi juu ya meza nyembamba, wamekuwekea mto chini ya tumbo ili mgongo ufunguke, mashine ya eksirei yenye mkono mkubwa uliopinda inakuja juu yako na dokta anaangalia kwenye skrini picha inayotembea. Wanakupaka ile dawa ya kahawia ya baridi, ganzi ya ngozi inachoma, halafu sindano ndefu inaingia na wewe hausikii maumivu bali msukumo. Wakaingiza kwanza dawa ya rangi waone inakwenda wapi, na hapo nikasikia ule mguu wangu wote umejaa, njia ileile ya shoti, mpaka kidole kidogo, dokta akaniuliza ni hapo? Nikamwambia ni hapohapo. Ndo akaweka dawa. Kama hospitali unayoenda hawana hiyo mashine na wanataka kuchoma kwa kukisia, mi ningesita, kwa sababu hata mikono yenye uzoefu ikichoma bila picha mara nyingine dawa inaishia pengine.

Ganzi iliyochanganywa mle inafanya kazi saa chache, mguu ukawa mzito lakini hauumi, nikatoka nimefurahi sana. Steroidi yenyewe inaanza kufanya kazi baada ya siku mbili tatu mpaka wiki, kwahiyo kuna siku za katikati ambapo maumivu yanarudi, wengine yanarudi kwa ukali kuliko mwanzo. Hilo nalo sikuambiwa, nililia nikijua nimeliwa hela.

Usiku uleule uso ukawa wa moto. Sikuwa na homa, nilipima, ila mashavu na shingo vilikuwa vinatoa joto mpaka mwanangu akiweka mkono anauliza mama una nini. Usingizi haukuja kabisa, saa tisa usiku nimekaa kitandani macho makavu, nina nguvu za ajabu, nimepanga oda za wateja zote kwenye daftari. Kesho yake mchana zikaanza kwikwi. Sio kwikwi za kunywa maji zikaisha, ni kwikwi zinazokuja zinakaa masaa zinaondoka zinarudi, kifua kinauma, huwezi kula ukamaliza sahani. Nikampigia nesi mmoja ninayefahamiana naye, akanijibu kwa utulivu tu kwamba eeh, hiyo inatokea, zitaisha. Na kweli kwikwi baada ya steroidi ya epidurali ni kitu kinachojulikana kwa madaktari, kwa wanaume zaidi, ila wanawake nao tunapata. Hedhi yangu ikaja kabla ya wakati wake na mwezi uliofuata ikaruka. Hii naomba wanawake wenzangu muisikie vizuri: steroidi inaweza kuvuruga mzunguko mwezi mmoja au miwili, na mama ambaye ameshakoma hedhi anaweza kuona damu. Ukiona damu wakati ulishakoma usijipe moyo kwamba ni sindano tu, nenda ukaangaliwe kizazi, inawezekana ni sindano na inawezekana sio.

Hayo yote yaliisha yenyewe ndani ya siku chache, ukiacha hedhi. Uso kuwa wa moto, kukosa usingizi, hasira za karibukaribu, maji kujaa miguuni kidogo, presha kupanda kidogo, hivi vinapita. Shida yangu ni kwamba mtu akiambiwa mapema anavumilia, asipoambiwa anakimbia usiku wa manane kwenye duka la dawa anaongezewa vidonge visivyohitajika. Mimi jirani alinishauri nimeze piritoni nilale, angalau hiyo haikuwa na ubaya mkubwa.

Sasa mama.

Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari cha miaka mingi, anatumia metifomini na kile kidonge kingine cha asubuhi, na kwa kweli anajitahidi, sukari yake ya asubuhi inacheza kwenye 7 na 8. Mguu ulipomzidi, kwake ni pingili zimezeeka na njia ya mishipa imekuwa nyembamba, alikuja Dar akachomwa sindano kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Kwenye faili imeandikwa kabisa kwamba ana kisukari. Hakuna aliyemwambia apime sukari zaidi ya kawaida, hakuna aliyewasiliana na kliniki yake ya sukari, alipewa karatasi ya kurudi baada ya wiki sita, akapanda basi akarudi nyumbani.

Siku ya tatu akanipigia, sauti kavu. "Mwanangu, kiu hii sio ya kawaida, nakunywa maji mpaka tumbo linajaa na mdomo bado mkavu." Usiku alikuwa anaamka kukojoa kila saa, na kwa huo mguu kila safari ya chooni ni kazi. Shangazi yangu aliyekuwa naye akasema hiyo ni presha, jirani mwingine akasema ni malaria ya ndani. Nikamwambia mama naomba upime sukari sasa hivi tukiwa kwenye simu, nikasikia anahangaika na kile kimashine, anatoboa kidole, kimya, halafu akanisomea namba: kumi na tisa nukta nne. Akarudia kupima kwenye kidole kingine baada ya kunawa mikono, ikawa ileile kasoro kidogo. Nikampigia daktari wa kliniki yake ya sukari, huyu namshukuru mpaka leo, alipokea simu Jumamosi, akasema apelekwe hospitali, wakampima na mkojo kuangalia sumu ya kisukari, wakamwekea maji na insulini ya muda. Ilichukua kama wiki hivi sukari kurudi kwenye hali yake.

Utaratibu wake sio siri. Steroidi inaliambia ini limwage sukari zaidi kwenye damu na wakati huohuo inaufanya mwili usiisikie insulini vizuri. Kwa asiye na kisukari kongosho linaongeza bidii, sukari inapanda kidogo hata hajui. Kwa mwenye kisukari inaweza kupanda kwa siku mbili tatu za mwanzo na kubaki juu wiki nzima, wengine zaidi kidogo. Kwahiyo mgonjwa wa sukari hakatazwi sindano moja kwa moja, ila inabidi sukari iwe imetulia kabla ya kuchomwa, apime mara nyingi siku hizo, asubuhi na mchana na jioni, na awe ameshaambiwa na daktari wake wa sukari ikifika ngapi afanye nini. Hilo ni jambo la dakika mbili za maongezi. Mama yangu alizinyimwa hizo dakika mbili na mimi bado nina uchungu nalo.

Turudi kwenye zile tezi za juu ya figo, kwa sababu hapa ndo watu wanaojizoesha sindano wanapoumia bila kujua. Mwili wako wenyewe unatengeneza steroidi yake, kotisoli, kwa siku ni kama miligramu 10 mpaka 20 tu. Chupa ya Depo-Medrol ya miligramu 80, ambayo ni moja ya dawa zinazotumika sana kwa kazi hii, kwa nguvu ni kama miligramu 400 za hiyo ya mwili, sema imetengenezwa iachie taratibu kwa wiki kadhaa. Ubongo ukiona damu imejaa steroidi unaacha kuziamrisha zile tezi, zinalala. Kwa wengi zinaamka ndani ya wiki tatu nne hivi. Katika kipindi hicho ukipata upasuaji, ajali au maambukizi makubwa, mwili unaweza ukaishiwa, presha inashuka, kichefuchefu, uchovu wa kushindwa kunyanyuka, kwahiyo daktari yeyote utakayemkuta muda huo mwambie umechomwa steroidi lini. Na ukirudia kabla hazijaamka, halafu ukarudia tena, ndo unaona uso umekuwa wa duara, ngozi inachubuka ukigusa, misuli ya mapaja inaisha mpaka kunyanyuka kwenye kiti ni shida, mifupa inapungua, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa. Ndo sababu madaktari wengi hawavuki sindano tatu au nne kwa mwaka.

Ila hesabu hiyo inamtegemea mtu anayehesabu, na huku kwetu hakuna anayehesabu. Mgongo unachomwa hospitali moja, goti linachomwa kliniki nyingine, deksa ya kalioni kwa dokta wa mtaani, pumu ikibana anapewa prednisolone, halafu usiku anajipaka krimu ya kung'arisha yenye klobetasoli ambayo nayo ni steroidi tena kali inayopita kwenye ngozi. Mimi wateja wangu ni wanawake, nawapima, naona mikono, naona ile michirizi kwenye mabega, na nikiwauliza unatumia steroidi wanasema hapana kwa moyo mweupe kabisa. Ndo maana mimi siku ya sindano nilimwomba nesi nikipige picha kile kichupa kabla hajakitupa, jina la dawa, miligramu, tarehe nikaandika nyuma ya daftari la kliniki. Mama pia ana karatasi yake sasa, imekunjwa ndani ya pochi pamoja na kadi ya bima.

Kuna kundi moja ambalo naona halisemwi kabisa na kwa nchi zetu ndo lingetakiwa kusemwa kwa sauti. Watu wanaotumia ARV za mstari wa pili, zile zenye ritonavir ndani yake, atazanavir na ritonavir au lopinavir na ritonavir. Ritonavir imewekwa pale makusudi ili kulizuia ini lisivunje haraka ile dawa nyingine. Tatizo ini linatumia kimeng'enya hichohicho kuvunja steroidi, kwahiyo ukichomwa triamsinoloni, ile Kenalog, au methaili-prednisoloni, ile iliyomo kwenye Depo-Medrol, dawa ambayo ingeisha kwa wiki chache inabaki na kujaa mwilini, na kuna wagonjwa ambao sindano moja tu, moja, imewapa uso wa duara, sukari juu na tezi zilizolala kwa miezi. Kobisistati, dawa nyingine inayowekwa kwa kazi hiyohiyo ya ritonavir, ni hivyohivyo, na dawa za fangasi kama itrakonazoli nazo zimo. Wale wanaotumia kidonge kimoja cha TLD chenye dolutegravir hawana shida hii. Sasa fikiria mtu yuko kwa daktari wa mifupa, chumba kimejaa, mlango uko wazi, shemeji yake ndo amemsindikiza, anaulizwa unatumia dawa zozote, atasema nini? Atasema situmii. Simlaumu. Naona ni kazi ya hospitali kumtoa msindikizaji nje na kufunga mlango kabla ya hilo swali, na kama wewe ndo uko kwenye hali hiyo piga simu CTC kwako, yaani kliniki unayochukulia ARV, kabla ya siku ya sindano, watajua la kukwambia na wanaweza kuongea na daktari wako. Mtu aliyewahi kuugua TB, au mwenye maambukizi yoyote kwa sasa, hata jipu, hata UTI, aseme pia, steroidi inapunguza kinga.

Halafu kuna yale makubwa yanayotokea kwa nadra. Tarehe 23 Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba steroidi zinazowekwa kwenye epidurali zimesababisha kwa watu wachache upotevu wa kuona, kiharusi, kupooza na kifo, na ikaagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa. Wakasema wazi kwamba wao hawajawahi kuidhinisha steroidi kwa njia hiyo. Madaktari wanaitumia kwa uzoefu wao, jambo ambalo linaruhusiwa, ila mgonjwa ana haki ya kulijua. Moja ya maelezo ni kwamba baadhi ya steroidi zina chembechembe, Depo-Medrol na Kenalog zote ni maji meupe yaliyotua ukiyaacha, na chembe hizo zikiingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa mdogo wa damu unaolisha uti wa mgongo zinauziba. Deksa haina chembe, ni maji safi. Hatari ni kubwa zaidi shingoni kuliko kiunoni, lakini ndo hapo unaona umuhimu wa ile dawa ya rangi na picha inayotembea.

Na kuna mwaka 2012. Kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa, New England Compounding Center, huko Framingham, Massachusetts, kilisambaza methaili-prednisoloni iliyokuwa imeingia fangasi. Mgonjwa wa kwanza aligundulika Tennessee mwezi Septemba, na mpaka hesabu ya mwaka uliofuata watu 753 katika majimbo 20 walikuwa wameugua, homa ya uti wa mgongo na mengine, na 64 wamekufa. Walienda kutibiwa maumivu ya mgongo. Nikisoma hilo ndo naelewa kwanini nesi anayefungua kichupa kipya mbele yako anakufanyia jambo kubwa, na kwanini usikubali kuchomwa na dawa ambayo imeshafunguliwa imekaa kwenye trei.

Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, warfarini, klopidogreli na ndugu zake, lazima ijulikane kabla, damu ikivujia kwenye ile nafasi inaubana uti. Usiiache mwenyewe kienyeji lakini, aliyekuandikia ndo aseme iachwe lini na irudiwe lini.

Je inasaidia? Hapa nitasema ninavyoona. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 25 yenye watu karibu 2,500 wenye siatika, wakakuta sindano inapunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi, ila tofauti na ya maji matupu ni kama alama 5 kwenye kipimo cha 0 mpaka 100. Alama tano. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu kuifikiria kwa siatika kali ya hivi karibuni, na haipendekezi kwa wale ambao njia ya mishipa imekuwa nyembamba wanashindwa kutembea mbali, yaani watu kama mama yangu. Februari 2025 jopo lililoandika kwenye jarida la BMJ likaenda mbali zaidi, likapinga kabisa sindano hizi kwa maumivu ya mgongo yaliyokaa zaidi ya miezi mitatu na hayatokani na saratani. Kuna madaktari wa maumivu waliolipinga jopo hilo, wanasema limechanganya wagonjwa wa aina tofauti, na mimi nikiangalia mwili wangu naona wana hoja, kwa sababu kwangu ilisaidia. Maumivu yalishuka kiasi cha kuweza kulala na kuanza mazoezi ya fiziotherapia ambayo kabla yake nilikuwa siwezi hata kujinyoosha. Ilipoisha nguvu baada ya kama miezi miwili maumivu yalirudi lakini hayakurudi yote. Hata hivyo diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 wakichomwa wasichomwe, kwahiyo siwezi kuapa kwamba ni sindano iliyonitoa pale.

Dokta alinipendekezea ya pili. Nikamuuliza ni dawa gani, miligramu ngapi, nimebakiza ngapi kwa mwaka, na nisipochoma itakuwaje. Alikaa akajibu yote, hakukasirika, na tukakubaliana tusubiri niendelee na mazoezi, nimebadilisha na kiti cha cherehani na sikai zaidi ya nusu saa bila kunyanyuka. Mama hachomwi tena, hilo daktari wake wa sukari na wa mifupa wameliandika kwenye faili wote wawili, anatumia fimbo na mazoezi ya kuinama mbele, kuna siku nzuri na kuna siku mbaya.

Kwa aliyechomwa wiki hii na anasoma hapa. Kichwa kikiuma sana ukikaa au kusimama na kikapoa ukilala chali, pengine utando ulitobolewa na maji ya uti yanavuja, rudi, kuna tiba yake. Homa, shingo kukaza, mgongo kuuma upya kwa kasi siku au wiki kadhaa baadaye, ni maambukizi mpaka ithibitike vingine. Na hili ni kwa mwenye siatika yoyote, aliyechomwa na asiyechomwa: ganzi katikati ya mapaja pale unapokalia, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila wewe kujua, choo kutokujizuia, miguu kulegea, hiyo sio ya kusubiri kliniki ya Jumatatu, ni ya kwenda hospitali kubwa yenye upasuaji usiku huohuo.